Kaizari wa Mashamba ya Chai

Mume wangu alikuwa Kaizari. Watu wakinisikia nasema hivyo wananicheka, wanadhani uzee umenipanda kichwani kabla ya siku zake. Lakini waulize waliofanya kazi ya chai kule Mufindi miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, watakuambia alikuwepo. Alitawala laini zote, yaani zile safu za nyumba za wachuma chai, tangu laini yetu mpaka karibu na Igowole. Alikuwa na Waziri Mkuu, alikuwa na Daktari, alikuwa na jeshi lenye soksi nyeupe, na alikuwa na Kwini. Kwini ni mimi.

Naandika kwa sababu wengi wa baraza lile wamekwisha kufa, na waliobaki wanasema uongo. Juzi juzi nimemsikia mtu sokoni akisimulia kwamba utawala wa mume wangu uliangushwa na mkewe. Mkewe! Nilikuwa nachagua nyanya, nikaziacha pale pale nikarudi nyumbani kutafuta kalamu. Utawala ule uliangushwa na wanaume watatu, na nitawataja. Majina siyaandiki, maana watoto wao wako hai na wengine ni watu wazuri tu, hawakuwafuata baba zao. Nitataja vyeo. Anayejijua atajijua. Shule yangu ni darasa la pili kwa wamisioni, kwa hiyo mwalimu akisoma hapa asinihesabie makosa, anihesabie ukweli.

Siku za kazi Kaizari alikuwa mchochea moto kiwandani. Chai ikishachumwa hukaushwa kwa moto wa kuni, na yeye ndiye aliyekuwa akiulisha moto ule magogo kutwa nzima, kifua wazi, huku nje ukungu umelala juu ya majani na sisi wachumaji tunatetemeka na matenga mgongoni. Alirudi nyumbani ananuka moshi na chai. Kwao ni kwetu, milima ya Rungwe, kwenye migomba. Ujanani alikwenda Chunya kutafuta dhahabu kama vijana wote. Dhahabu hakuiona. Alichorudi nacho ni homa, na kofia ngumu ya Mzungu mmoja aliyekata tamaa akaondoka akaiacha juu ya kisiki. Kofia ile aliipenda kuliko mimi. Namsingizia kidogo, lakini kidogo tu.

Sasa, nieleze mganda, kwa asiyeujua. Ni ngoma iliyokuja huku kutoka kwa watu wa Ziwa Nyasa. Wanaume wanajipanga mistari kama askari, kaptula nyeupe zilizopigwa pasi mpaka zinakata, soksi hadi magotini, viatu vinang'aa, na mkononi kila mmoja ana penga lake la kibuyu analipuliza kama tarumbeta. Kundi moja linaitwa boma. Kila boma lina Kingi wake, lina Daktari wa kuwapima wachezaji, na lina Kwini wa kukaa kitini na kuwakagua. Shamba zima lilikuwa na maboma, kila laini na lake, na hivyo kila laini na Kingi wake. Jumapili baada ya ibada ilikuwa ni ugomvi wa makingi, nani atangulie uwanjani, nani afuate.

Siku moja ugomvi ulizidi, mapenga yakaanza kutumika kama rungu. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa mpiga ngoma kubwa tu, akapanda juu ya ngoma yake na kile kikofia kichwani.

"Nyie makingi," akasema, "hebu niulizeni nani mkubwa wenu."

"Mimi!" wakajibu wote.

"Basi mmekwisha sema kwamba hakuna. Baba yangu aliwabebea Wadachi mizigo. Aliniambia kule kwao wafalme walikuwa wengi kama kuku, wanadonoana, mpaka akatokea mmoja akawakalia juu, wakamwita Kaizari. Kuku wakatulia."

"Na huyo Kaizari hapa ni nani?" akauliza mmoja.

"Sijui. Lakini kofia ninayo."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na ukishakaa chini mbele ya mtu aliyesimama juu ya ngoma, jamani, kazi imekwisha. Jioni ile akawa Kaizari.

Aliyemvisha ni fundi cherehani wa laini yetu, mtu wa Ipogolo, Iringa, mrefu, mdomo mtamu, vidole vyembamba kama sindano zake. Alimshonea koti kutoka kwenye pazia nene jekundu ambalo sikuuliza lilitoka nyumba gani. Nishani alizikata kwenye ile karatasi ya kung'aa inayotandikwa ndani ya masanduku ya chai. Kifua kizima kiliwaka. Kaizari akitembea juani ulikuwa unafumba macho. Kwa kazi ile fundi akapewa Uwaziri Mkuu. Mkumbukeni huyu, ni mkosaji wa kwanza.

Daktari tulikuwa naye tayari. Alikuwa Mnyakyusa mwenzetu, kijiji chake na cha mume wangu unatupa jiwe linafika. Alivaa koti jeupe na alikuwa na kijiti alichokiita kipima homa, anamtia mchezaji kwapani, anakitazama, anatikisa kichwa, anasema, "Huyu acheze, lakini asicheze sana." Mkosaji wa pili.

Nisiwe mchoyo, utawala ule ulikuwa raha. Tangu nimezaliwa sijaona serikali iliyotuchekesha vile. Kaizari alitoa amri kila Jumapili, akisimama juu ya ngoma. Amri ya kwanza, mtu asiguse ulanzi kabla ibada haijaisha. Msimu wa ulanzi mianzi inadondosha pombe yenyewe, na watu wa Iringa wanakunywa kama watoto wanavyonyonya, kwa hiyo amri hii ilileta kilio. Mwinjilisti, ambaye alikuwa akituita watoto wa shetani kwa sababu ya mganda, alipoona kanisa limejaa alinyamaza, akaanza hata kumpungia Kaizari mkono. Amri ya pili, mwanamume aliyempiga mkewe hachezi mpaka mkewe mwenyewe aje uwanjani aseme, "Naye acheze." Wanawake tulishangilia amri hii mpaka sauti zikakauka. Kuna mmoja alimkalisha mumewe nje ya mstari msimu mzima. Kila Jumapili tunamuuliza, "Vipi dada, naye acheze?" Anasema, "Bado namtazama."

Na kesi zilikuwepo. Aliletwa kijana mmoja amevaa soksi moja nyeupe, nyingine ya kijivu.

"Eleza," akasema Kaizari.

"Mheshimiwa, moja imeliwa na ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa Mzungu."

Kaizari akafikiri. "Ng'ombe wa Mzungu hatuwezi kumfunga. Wewe utacheza kwa mguu wenye soksi nyeupe."

Alicheza kwa mguu mmoja mpaka jua likazama, na alipendeza kuliko wote. Wiki iliyofuata vijana wengine wakaja na soksi moja makusudi.

Meneja wa shamba alikuja siku moja kutazama, mikono nyuma, mbwa wake pembeni. Akauliza ni nani huyu mwenye nishani. Mume wangu akamjibu kwa adabu, "Ni mimi Kaizari, bwana. Ila Jumatatu nipo kwenye moto." Mzungu akacheka akaondoka. Jumatatu alipita kiwandani kuhakikisha, akamkuta.

Kazi yangu ilikuwa kitini. Siku za kawaida mimi ni mchumaji, vidole vya kijani visivyotoka hata kwa majivu. Jumapili navaa gauni la bluu, glavu za kuficha vidole, nakaa kwenye kiti kando ya Kaizari. Kabla ya kucheza napita mstari kwa mstari na kitambaa cheupe, nagusa viatu. Kitambaa kikichafuka, mwenye kiatu anatoka. Nikirudi kitini, ngoma inalia. Na sheria ya mganda kwa habari ya Kwini ilikuwa moja, kila boma liliijua. Kwini akishakaa haondoki kitini mpaka ngoma kubwa inyamaze. Akiondoka, boma limekufa na mwenye boma anavua cheo. Sijui nani aliitunga. Nadhani ni mtu aliyekuwa na mke asiyetulia.

Mimi kutulia niliweza. Na nieleze kwa nini kiti kile kilikuwa kitamu kwangu, maana hapo ndipo mambo yanapofungamana.

Kwetu Unyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe. Sisemi hasogei karibu, nasema haonani naye. Akipita njia hii mimi naingia migombani. Akiwa ndani mimi siingii. Uso wake siujui, na jina lake silitaji, hivyo msitegemee kuliona hapa. Nilikaa kwa wakwe zangu tangu nilipoolewa mpaka tulipohamia Mufindi, na muda wote ule nilikuwa mtu wa kutegesha masikio kama sungura. Nilimjua kwa kikohozi chake, kikavu, viwili vya haraka na kimoja cha kuvuta. Nikikisikia, popote nilipo, mtungi chini, mimi ndani ya migomba. Si kwamba ni mtu mbaya. Wanasema alikuwa mzee mpole sana. Ni heshima, na heshima hiyo ikivunjwa, walitufundisha bibi zetu, anayelipa ni tumbo la mwanamke. Hazai, au akizaa hakai naye.

Kwa hiyo Mufindi kwangu kulikuwa mapumziko. Nilitembea kichwa juu. Nilikaa mbele ya mamia ya watu bila kutegesha sikio. Wenzangu walidhani napenda ukwini kwa sababu ya gauni.

Sasa ikatokea Kingi wa Mbeya. Huyu alikuwa mnyapara wa barabara, Msafwa mnene mwenye mwavuli mkubwa mweusi ambao hakuufunga mvua wala jua. Boma lake lilikuwa limeyapiga maboma yote ya upande ule. Salamu zikaanza kupita kwa madereva wa malori.

"Mwambieni huyo Kaizari wa majani," alisema, "kwamba huku Mbeya majani tunawapa mbuzi."

Mume wangu akajibu, "Mwambieni mbuzi akae tayari."

Ikaendelea hivyo mpaka pakawekwa miadi, mwezi wa nane, chai ikiwa imelala kwa baridi na kazi imepungua. Uwanja ni Mbeya. Atakayeshinda ni Kaizari wa Iringa na Mbeya yote. Atakayeshindwa anavua kofia mbele ya watu na hakalii tena kiti maisha yake. Maneno hayo aliyasema mume wangu mwenyewe juu ya ngoma, kwa furaha, kama mtu anayesoma matangazo ya harusi.

Nyumbani nikamwambia, "Baba, maisha yako yote?"

"Kwini, tutashinda. Umeziona soksi zetu?"

Nikamwambia pia neno jingine siku hiyo. Baada ya miaka ya kungoja, nilikuwa na mimba. Changa, ya kunong'ona. Akavua kofia, akaifunika tumboni kwangu kama unavyofunika vifaranga kwa tenga. Hakuna mwingine aliyejua.

Waziri Mkuu akaomba atangulie Mbeya. "Kaizari hawezi kufika mahali ambapo hajaandaliwa," alisema. Tukaona ni busara. Akapanda lori la viazi akaenda. Sisi tukafuata siku chache baadaye kwenye lori la mbao, tumekaa juu tukiimba, vumbi la Makambako limetupaka wote rangi moja, koti la Kaizari limefungwa ndani ya shuka lisichafuke. Daktari alikaa kando yangu njia nzima. Tulipofika Chimala, tunakula miwa, akaniuliza, "Kwini, hivi wewe bado unafuata yale mambo ya nyumbani? Ya wakwe?"

"Mambo gani ya kuacha?"

"Nauliza tu."

Akatafuna muwa wake. Naapa kwa Mungu, mtu yule alijua. Waziri Mkuu alikuwa amemuuliza kijiji cha mume wangu kiko wapi, njia gani inafika, na yeye akamwelekeza mpaka mlangoni. Na Daktari huyo alikuwa na dada yake laini ya pili, ambaye kila Jumapili alikuwa akikitazama kiti changu kama paka anavyotazama maziwa. Hesabu hiyo hata mtu wa darasa la pili anaijua.

Mbeya tulipokelewa vizuri mno. Baridi ilikuwa kali, mlima umesimama juu ya mji, na uwanja umejaa watu mpaka juu ya miti ya mikaratusi. Kingi wa Mbeya alikuwa upande wa pili chini ya mwavuli wake, akaja mwenyewe kunisalimu.

"Kwini, karibu. Pole na safari. Leo utarudi na Kaizari au na mpiga ngoma?"

"Nitarudi na mume wangu," nikamwambia, "wewe tafuta wa kukushikia mwavuli ukilia."

Akacheka tumbo likatikisika. Nilimpenda pale pale, Mungu anisamehe, japo adui ni adui.

Wao walicheza kwanza. Walicheza vizuri, lakini soksi za safu ya nyuma zilikuwa zinashuka. Tukaingia sisi. Nilipita na kitambaa changu, kiatu baada ya kiatu, mpaka mwisho, nikakiinua juu watu wote wakione. Cheupe. Wanawake wa Mbeya, si wetu, wa Mbeya wenyewe, wakapiga vigelegele. Nikaenda kitini, ngoma ikalia. Jamani! Mistari ilikuwa inakwenda kama mtu mmoja mwenye miguu mia. Mapenga yanaitikiana. Yule kijana wa soksi moja alitoka mbele akacheza kwa mguu mmoja na uwanja ukaanguka. Wazee wa ngoma, waamuzi, walikuwa wameacha kukaa, wamesimama. Nikamwona Kingi wa Mbeya anashika kofia yake mwenyewe, anaipapasa kama mtu anayeaga.

Hapo ndipo niliposikia kikohozi.

Ngoma inalia, mapenga yanalia, watu wanapiga kelele, na mimi nikakisikia. Viwili vya haraka na kimoja cha kuvuta. Nyuma yangu, upande wa kushoto. Kisha sauti ya Waziri Mkuu, ile ya asali, "Pisheni! Pisheni! Baba wa Kaizari anapita! Mleteeni mzee kiti, akae hapa mbele!"

Kiti kilikuwa kinaletwa kando ya changu.

Mtu atasema ningefikiri. Miguu haikuningoja. Kwetu kuna migomba, uwanja ule haukuwa na hata mgomba mmoja. Mbele wachezaji, nyuma mzee, kulia waamuzi. Kitu pekee cheusi, kikubwa, cha kujificha, kilikuwa mwavuli wa Kingi wa Mbeya. Nikajifunika kichwani kanga niliyojitanda kwa baridi, nikakata uwanja katikati ya mistari yetu, kijana wa soksi moja nusura nimwangushe, nikaenda kuchuchumaa nyuma ya adui.

Uwanja ukapasuka.

"Kwini kahama! Kwini kahamia Mbeya!"

Watu walicheka, wengine wanalia kwa kucheka, wengine wanatupa kofia juu. Kingi wa Mbeya akainamisha kichwa chini ya mwavuli.

"Mama, vipi tena? Mimi nina mke."

"Nyamaza, baba. Mkwe."

"Yupi?"

"Mwenye kikohozi."

Yule mtu akaelewa mara moja, ameishi na Wanyakyusa. Akaushusha mwavuli mpaka chini, akaniziba vizuri. "Kaa hapo hapo, usitoke. Hata mimi mama mkwe wangu nikimwona nakimbia, ila mimi ni kwa sababu ya mdomo wake."

Kaizari alikuwa wapi? Mkosaji wa tatu ni yeye, na simsamehe kwa kuwa alikuwa wangu. Alipomwona baba yake alisahau yote. Alimwendea mzee, akapiga magoti na koti lake jekundu, "Tata! Tata umefika!" Mzee anampapasa zile nishani za karatasi, anatikisa kichwa kwa mshangao. Mpaka alipogeuka kuonyesha kiti changu ndipo akakuta kiti tu.

Waziri Mkuu alikuwa anapiga kelele, "Kwini, rudi kitini! Ngoma haijanyamaza!" Maana mpiga ngoma kubwa, maskini, alikuwa bado anapiga, anaogopa kuacha. Daktari alikuwa anatazama mawingu.

"Mwambie mzee asogee nyuma kidogo," Waziri Mkuu akamwambia mume wangu, "Kwini arudi, yaishe."

"Mwambie wewe uliyemleta."

Hapo mwenye mdomo wa asali akaanza kurekebisha vifungo vya koti lake. Nani amwambie mzee wa watu, aliyetoka Rungwe juu ya lori na blanketi lake, kwamba atoke mbele ya watu?

Mume wangu akaja mpaka kwenye mwavuli. Niliona viatu vyake tu. Vilikuwa safi.

"Mama," akasema kwa Kinyakyusa, polepole. "Waamuzi wanasema ngoma bado inalia. Ukirudi sasa wanahesabu hukuondoka."

"Ukisema nirudi nitarudi," nikamjibu. "Wewe ni mume wangu, tena Kaizari. Lakini tumboni hakuna Kaizari, kuna mtoto tu. Sema wewe."

Viatu vile vilisimama. Nilisikia ngoma, pu, pu, pu, na watu wanapiga miluzi. Kisha akasema, "Basi kaa," na viatu vikaondoka.

Alikwenda katikati ya uwanja. Akainua mkono, ngoma ikanyamaza. Akavua kofia mbele ya watu wote, akaja akaiweka miguuni pa Kingi wa Mbeya. Watu wetu walikuwa wanalia, na mimi nimeuma kanga.

Na katika ukimya ule nikasikia sauti ya baba mkwe kwa mara ya kwanza ikisema zaidi ya kikohozi. Alisema kwa sauti kubwa, ya mzee asiyesikia vizuri, "Mmeona? Amekuwa mkubwa kuliko wote, lakini baba yake akifika anavua kofia. Mtoto nimemlea mimi huyo!"

Wanyakyusa waliokuwepo ndio waliocheka kwanza, kisha wakawatafsiria wengine. Uwanja mzima ukamshangilia mzee. Alisimama akapunga fimbo. Mume wangu alirudi akakaa chini kwenye nyasi mbele ya miguu ya baba yake, na hakuna aliyemwambia mzee yule ukweli, wala siku ile wala baadaye. Aliishi miaka mingi akisimulia habari ya kofia.

Kingi wa Mbeya hakutaka kutuaibisha. Alichinja ng'ombe, tukala pamoja. Wanawake wao walinipeleka nyuma ya nyumba, ukuta katikati yangu na mzee, wakanipikia ndizi kwa maharage, ndizi za kwetu, nilikuwa sijazila tangu tuhamie Mufindi. Nilikula mpaka nikaona haya. Mwanamke mmoja akaniambia, "Dada, ulivyokata ule uwanja! Ungekuwa mchezaji tungekufa wote." Nilicheka na mdomo umejaa.

Tulirudi na mume wangu akawa mpiga ngoma. Kusema kweli alipiga vizuri zaidi. Waziri Mkuu akajitangaza Kaizari, dada yake Daktari akakalia kiti changu, na kwa kuwa kofia ilikwisha bakia Mbeya, fundi alijitengenezea nyingine kutoka kwenye sufuria. Mvua ya kwanza iliponyesha ilipiga kelele kichwani kwake mpaka wachezaji wakashindwa kufuata ngoma. Hata msimu haujaisha, kila laini ikarudi kwa Kingi wake na wakaanza tena kupigana kwa mapenga. Amri ya wake ikafa. Ndiyo maana nina uchungu. Si gauni.

Binti yetu alizaliwa wakati wa mvua, mzima, analia kama penga.

Mume wangu ametutoka sasa, na mwaka jana yule Waziri Mkuu alikuja kunipa pole. Amezeeka, vidole vinatetemeka, hatii uzi kwenye sindano tena. Alibisha hodi, nikamkaribisha, nikaweka maji ya ugali motoni. Akakaa, akasema, "Kwini, mimi nilitaka kumfurahisha tu. Sisi kwetu baba wa mtu ndiye heshima yake. Hayo ya kwenu sikuyajua."

"Uliyajua. Ulikula kwenye moto wangu miaka yote ile."

"Nilikula, sikuuliza."

"Ulijua."

"Haki ya Mungu, Kwini, sikujua."

"Daktari alikuambia."

"Daktari aliniambia njia tu. Hakuniambia mwisho wake."

"Ulijua."

"Sikujua."

Ugali ukaiva. Nikamtengea na mboga, nikamnawisha mikono. Akala kidogo, akanitazama, akasema sikujua. Nikamwongezea mboga, nikamwambia alijua.